Soko la Ajira: Uza Ujuzi Wako kwa Takwimu

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za hisa na mazao. Tunazungumzia soko jingine ambalo wasomaji wetu wengi wamewekeza fedha zao bila kulifuatilia, yaani soko la ajira. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kiwanja, au aliyekopa SACCOS ili mtoto asome chuo, ni mwekezaji. Mtaji wake umelala kwa mtoto huyo. Inasikitisha basi kuona ada ya miaka mitatu inakwama kwenye karatasi mbili zilizoandikwa ovyo: wasifu binafsi, au CV kama wengi tunavyouita.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, katika soko la ajira hata kizuri hakina budi kujitembeza, kwa sababu mnunuzi hakioni. Anachokiona ni karatasi. Meneja aliyetangaza nafasi moja akapokea maombi mia mbili hawezi kusoma yote neno kwa neno. Hupitisha macho na kutenga mafungu mawili, la kuita na la kuacha. Kazi ya wasifu ni kukuingiza katika fungu la kwanza. Mengine utayasema mwenyewe kwenye usaili.

JIFUNZE KWA WARAKA WA MATARAJIO

Wasomaji waliofuatilia Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu lilipoanza biashara Aprili 1998, kwa hisa za TOL, wanaufahamu waraka wa matarajio. Kampuni inayotaka fedha za umma haiishii kujisifu kwamba ni nzuri na yenye bidii. Inaweka mezani hesabu za miaka iliyopita: mauzo, faida, madeni, na majina ya wanaoisimamia. Mwekezaji akiridhika na takwimu ndipo anapotoa fedha.

Mwajiri naye ni mwekezaji. Atakulipa mshahara, atakuchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na huenda akakukabidhi funguo za stoo. Anauliza swali lile lile unalouliza wewe kabla ya kununua hisa: huyu amewahi kuzalisha nini? Lakini wasifu wa waombaji wengi unamjibu, "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza." Maneno hayo kila mwombaji anayaandika, kwa hiyo hayamsaidii meneja kumchagua yeyote.

KOSA LANGU MWENYEWE

Natoa mfano ulionigharimu. Nilipomaliza shahada ya biashara niliandika wasifu wa kurasa nne. Ulikuwa na jina la shule ya msingi, dini, kabila, michezo ninayopenda na orodha ya masomo yote ya chuo. Haukuwa na neno hata moja juu ya duka la mama yangu la vitenge pale Kariakoo, ambako kila likizo kwa miaka mitatu nilitunza daftari la mauzo na kufuatilia wadaiwa. Niliona haya. Nilidhani kazi ya dukani si uzoefu. Nilituma maombi kwa miezi saba bila kuitwa popote.

Siku moja mteja wa mama, mzee mmoja mhasibu mstaafu, aliomba kuuona wasifu wangu. Aliusoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, yule aliyekuwa ananipigia simu kila mwisho wa mwezi nilipe deni la mama yako, mbona humu hayumo?"

Jioni ile tuliuandika upya. Pale ambapo wengi wangeandika "Msaidizi wa duka la familia", tuliandika hivi: "Duka la jumla la vitenge, Kariakoo, likizo za miaka 3. Nilitunza daftari la wateja 42 wa mkopo. Deni lililopitisha siku 60 lilishuka kutoka shilingi milioni 6.5 hadi milioni 2."

Sentensi hizo hazina sifa hata moja, lakini anayezisoma anajionea mwenyewe hesabu, uaminifu na uvumilivu. Maombi ya nne baada ya hapo yaliniletea usaili, na swali la kwanza lilihusu wale wadaiwa.

NAMNA YA KUANDIKA

Kwanza, fupisha. Kwa kijana anayeanza kazi, kurasa mbili zinatosha. Juu weka jina, simu inayopatikana na anwani. Dini na kabila havizalishi chochote, viondoe.

Pili, anza na la karibuni. Kazi ya mwisho itangulie, elimu ya juu itangulie ya chini. Meneja anataka kujua uko wapi leo kabla ya kujua ulikotoka.

Tatu, kila kazi iwe na takwimu. Uliuza magunia mangapi kwa mwezi? Ulisimamia vibarua wangapi? Ulipunguza hasara kwa kiasi gani? Hata mhasibu wa VICOBA ana idadi ya wanachama na kiasi cha mikopo iliyopita mkononi mwake.

Nne, soma tangazo kama unavyosoma oda ya mteja. Likisema wanataka mtu wa kusimamia stoo, uzoefu wako wa stoo ukae juu. Wasifu mmoja uliotolewa nakala hamsini na kusambazwa kila ofisi ni sawa na kumpelekea saruji mteja aliyeagiza mabati.

Tano, waombe wadhamini ruhusa mapema. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka wadhamini watatu wenye mawasiliano ya uhakika. Mdhamini akipigiwa simu akasema hakukumbuki, umepoteza.

Sita, kagua viambatisho. Kwa nafasi za serikali, hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti. Aidha, hakikisha jina ni lile lile katika kila cheti. Kama yanatofautiana, mwone wakili sasa, usingoje tangazo litoke.

USIPIKE HESABU

Kampuni ikipika hesabu katika waraka wake, siku ya ukaguzi huumbuka. Mwombaji naye ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti katika utumishi wa umma nchini ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Baadhi walikuwa wametumikia miaka mingi. Kwa hiyo andika takwimu unayoweza kuieleza. Kama hukumbuki kiasi kamili, andika "takriban", na uwe tayari kusema ulikipataje.

WEWE MWENYE DUKA

Somo hili linamhusu pia mfanyabiashara. Kijana anayekuuzia dukani akiaga, mwandikie barua: tarehe aliyoanza na aliyoacha, kazi aliyoifanya, na takwimu moja au mbili. Ni kazi ya dakika kumi, na kwake barua hiyo inaweza kuwa ndiyo hati pekee inayothibitisha miaka yake ya jasho. Na ukiwa wewe ndiye unayeajiri, zipite sifa, tafuta takwimu, kisha mpigie simu mdhamini mmoja kabla hujakabidhi funguo.

ZOEZI LA WIKI

Mwite mwanao, au keti mwenyewe, mchukue karatasi. Andikeni kila kazi aliyowahi kuifanya, yenye malipo na isiyo na malipo: dukani, shambani, kwenye kikundi, msikitini au kanisani. Mbele ya kila moja jibuni maswali mawili: ni kiasi gani, na nini kilibadilika kwa sababu yake? Isiyo na jibu isubiri. Zenye majibu ndizo za kuanza nazo.

Mama yangu hakusoma hesabu za biashara darasani, lakini daftari lake la wadaiwa ndilo lililonipatia kazi. Msomaji, kalifungue la kwenu.