Vidonge Vilivyobaki kwenye Pakiti

Mgonjwa wa kisukari akirudi kliniki sukari ikiwa juu, jambo la kwanza analokutana nalo ni lawama: hujali, unajitakia. Nyumbani nako anaambiwa hayo hayo. Kijitabu hiki kinazipinga lawama hizo, kwani hazitibu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu magonjwa ya muda mrefu, ikaeleza kuwa hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wagonjwa wanaofuata tiba walivyoelekezwa, na katika nchi maskini wanaofuata ni wachache zaidi. Jambo linalowashinda watu wengi kiasi hicho halielezeki kwa uzembe wa mmoja mmoja. Aliyeacha dawa mara nyingi ana sababu, na hiyo ndiyo ya kutafutwa.

Malaria ikikushika, homa inakulaza. Ukimeza dawa mseto siku tatu, unaona mwenyewe kazi yake. Kisukari hakina tabia hiyo. Sukari inaweza kukaa juu miaka mingi, ikila polepole mishipa midogo ya macho na figo, pamoja na neva za miguu, huku mtu analima na kuuza sokoni kama kawaida. Upande wa pili, metformini, dawa ya kisukari, huweza kumletea anayeanza kichefuchefu na kuharisha. Kwa hiyo anachokisikia mwilini ni adha ya dawa, wala si ya ugonjwa. Akiiacha, tumbo linatulia upesi. Hasara inakuja baada ya miaka. Hapo kumkemea hakusaidii kitu, ila tumbo lina dawa yake: ameze pamoja na chakula, aanzishwe kwa kiasi kidogo kinachopandishwa taratibu na mtaalamu. Kwa wengi usumbufu hupungua baada ya wiki chache. Ukizidi, aulize kama ipo metformini inayoyeyuka polepole, ambayo haikatwi wala haisagwi.

Pesa ni sababu nzito zaidi. Dawa huandikwa kwa mwezi, lakini kibarua hulipwa kwa siku, basi kidonge kinakatwa kwa wembe ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Na chakula je? Glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, hushusha sukari hata kwa asiyekula. Aliyewahi kutokwa na jasho jembamba, akatetemeka na kuchanganyikiwa kwa kumeza kidonge kisha akakosa mlo, ana haki ya kukiogopa. Aeleze kliniki milo anayoipata kweli, si ile anayodhani inatarajiwa, ili apangiwe dawa inayomfaa. Anayetaka kufunga Ramadhani naye aende wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Insulini ina hofu yake: husemwa kuwa ukifika kwenye sindano umefika mwisho. Wanaosema hivyo wameona watu wakianzishwa sindano kisha wakafa, na walichokiona ni kweli. Lakini wengi wa hao huanzishwa wakati madhara yamekwisha kuota mizizi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza huishi kwa insulini tangu mwanzo. Na kwa aina ya pili, kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, huchoka kadiri miaka inavyokwenda, hata kwa aliyefuata kila sharti. Kuhusu kuitunza, pasipo friji, mtungi wa udongo wenye unyevu, ukiwekwa kivulini penye hewa, husaidia kuipoza insulini, mradi chupa ifungwe isiingie maji.

Wapo watakaosema kuwa kusikiliza sababu ni kulea ulegevu, na kwamba jirani mwenye ugonjwa ule ule anaweza. Jirani huenda ana bima, au binti anayemkumbusha. Tena ukali una hatari yake. Mgonjwa anayeogopa kugombezwa husema amemeza zote. Mtaalamu akiamini, huona dawa haikutosha, akaongeza kiasi. Siku mgonjwa atakapomeza zote kweli, sukari inaweza kushuka ghafla. Kwa hiyo nyumbani msimuulize, “Umemeza dawa?” maana jibu lake ni ndiyo. Ulizeni, “Baba, wiki hii vimekupita vingapi?” Siku ya kliniki, vidonge vilivyobaki visifichwe kabatini, viende naye ndani ya pakiti zake, vihesabiwe mbele ya mtaalamu kabla hajaandika dawa nyingine.