SOMO LA BIOLOJIA: Kazi ya maini kisha mutu kupasuliwa

Ndugu wanafunzi, wengi kati yetu tumekwisha kulinda mugonjwa kwa lopitali. Munganga anamupasua tumbo, kazi inaisha muzuri, kidonda kiko safi. Lakini kisha siku chache mugonjwa anakonda: mikono inakuwa miembamba, mapaja yanaisha nguvu. Hapo watu wa jamaa wanaanza kunongona: «Ni nani anamuloga?» Tuone basi ile nyama ya mwili inaenda wapi. Hapana mutu anayeikula. Ni mwili wenyewe unaitumia, na fundi mukubwa wa kazi ile ni maini.

1. Tukumbuke kwanza
Proteini ni sawa nyumba ya matofali. Matofali yake ni asidi amini, namna 20. Kila asidi amini iko na azoti ndani. Sukari na mafuta hazina azoti. Mwili uko na akiba ya mafuta. Maini nayo yanaweka akiba ndogo ya sukari, ambayo inaisha karibu siku moja kama mutu hakuli. Lakini gala la proteini hakuna: kila proteini iko kazini. Basi mwili ukikosa asidi amini, unabomoa ukuta wa nyumba yake, maana yake misuli.

2. Agizo la kubomoa
Kisu cha munganga au panga ya shambani, kwa mwili yote ni jeraha. Homoni zinapanda: adrenalini, kortizoli, glukagoni. Kidonda nacho kinatuma ujumbe katika damu. Misuli inasikia agizo, inavunja proteini zake. Asidi amini zinaingia katika damu, zaidi alanini na glutamini. Glutamini inalisha matumbo na selili askari za mwili. Alanini inaenda kwa maini.

3. Ndani ya maini
a) Sukari. Maini yanatoa azoti ya alanini, na yenye kubaki yanageuza kuwa glukozi. Kidonda na ubongo vinaitumia. Ndiyo sababu hata mutu asiye na ugonjwa wa sukari anaweza kuonekana na sukari nyingi katika damu kisha kupasuliwa.
b) Urea. Azoti ikitoka inaweza kuwa amoniaki, nayo ni sumu kwa ubongo. Maini yanaunga azoti mbili na gazi karboniki, inakuwa urea, na mafigo yanaitupa katika mukojo. Njia hii ilionyeshwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit kule Freiburg, Ujerumani, mwaka wa 1932. Ni muzunguko: ornitini inakuwa sitrulini, sitrulini inakuwa arjinini, arjinini inatoa urea na kurudi ornitini. Ni sawa mutumbwi: unavusha watu, unarudia wengine.
c) Proteini mupya. Maini yanatengeneza fibrinojeni yenye kufunga damu, na proteini C-reaktivi yenye kusaidia kushika mikrobi. Wakati ule albumini katika damu inapunguka.

4. Hesabu
Katika miaka ya 1930, David Cuthbertson kule Glasgow alipima mukojo wa watu waliovunjika miguu. Aliona azoti nyingi sana, kupita ile ingetoka pahali pa kuvunjika tu. Misuli ya mwili muzima ilikuwa inatoa.
Proteini iko na azoti karibu 16 kwa 100. Basi gramu 1 ya azoti ni gramu 6,25 za proteini, ao karibu gramu 30 za misuli. Tuseme mugonjwa anapoteza gramu 10 za azoti kila siku kupita zile anazokula: ni gramu 300 za misuli. Kwa juma moja, kilo 2 na zaidi!

5. Faida kwetu
Bugali ya mihogo peke yake iko na proteini kidogo sana. Munganga akisharuhusu, tuongeze maharagi, ndagala, karanga, mayai. Chakula hakizuii kubomoa kote kwa siku za kwanza, lakini kinapunguza. Kutembea polepole kunasaidia misuli vilevile. Zamani wagonjwa walikaa siku nyingi bila kula. Siku hizi, kwa operasioni nyingi, wanganga wanaruhusu chakula mapema. Tumuulize munganga, tusimufiche kitu. Na kama mugonjwa alikuwa na ugonjwa wa maini mbele, munganga anapaswa kujua, sababu fundi yule ni zaifu.

Mutume Paulo aliandikia Wakorinto juu ya mwili mumoja wenye viungo vingi. Hapa tunaona jambo lile kwa macho: mukono unatoa nyama yake ili kidonda cha tumbo kipone. Basi mbele ya kutafuta mulozi, tutafute sahani ya maharagi.

MASWALI
1. Sababu gani mwili hauwezi kufanya asidi amini zake zote kwa mafuta?
2. Azoti ya alanini inatoka mwilini kwa njia gani?
3. Mugonjwa anapoteza gramu 8 za azoti kwa siku, siku 5. Ni gramu ngapi za proteini? Za misuli?