Mtoto akipotea Kasumbalesa: ya kufanya kabla ya safari na saa ile ile

Sisi wa Kampemba, tunapokwenda nje ya nchi, wengi wetu hatupandi ndege. Tunashika barabara ya Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka Lubumbashi, tunavuka kuingia Zambia, na kutoka pale kila mtu na njia yake. Huyu anakwenda Kitwe kumsalimu dada, yule ana harusi Ndola, wengine wanasonga na basi mpaka Nakonde na Tunduma, kisha Dar es Salaam. Likizo ikifika watoto nao wanapelekwa. Namwandikia mama au baba anayefunga mizigo wiki hii, maana pale mpakani mkono wa mtoto huponyoka upesi kuliko unavyodhani.

Inatokeaje? Abiria mnashuka, mnapanga foleni kwenye dirisha la DGM, yaani ofisi yetu ya uhamiaji, halafu mnatembea kwa miguu kuelekea upande wa Zambia. Mama ameshika pasipoti nne, mfuko uko kichwani. Shangazi anajua mtoto yuko na mama, mama anajua yuko na shangazi. Pembeni malori yamejipanga, marefu na ya juu, na mtoto wa miaka 6 akipita katikati ya mawili humwoni tena.

Mtoto wa dada yangu alitupotea hivyo, karibu nusu saa. Tulimkuta ng'ambo, ameketi juu ya kreti karibu na mama mmoja anayeuza ndizi. Yule mama alikuwa amejitahidi kweli. Alimwuliza mtoto, "Mama yako anaitwa nani?" Mtoto akamtajia lile jina la nyumbani, Mama Fulani, jina la kaka yake mkubwa. Akamwomba namba ya simu. Mtoto aliijua, akaitaja yote bila kukosea, ikianza na 097. Yule mama akapiga, na akapokea mwanamume asiyetujua, anayezungumza Kibemba.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mzazi wa Lubumbashi alijue. Airtel ya Congo ina namba zinazoanza na 097, na Airtel ya Zambia pia inazo. Ukipiga namba yetu ukiwa Zambia bila kuweka alama ya nchi, simu inalia kwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo namba ya mtoto iandikwe hivi: +243, halafu namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Chini yake andika namba ya ndugu anayewangoja Zambia, ikianza na +260. Ukienda Tanzania, ya mwenyeji wako itaanza na +255. Weka zote mbili, kwa kuwa laini yako ya Congo inaweza kukosa mtandao ukishavuka.

Iandike wapi? Karatasi mfukoni inapotea au inalowa. Chukua kipande cha kitambaa cheupe, andika kwa kalamu isiyofutika, kishone ndani ya shati au gauni, upande wa mgongo chini ya kola. Ni kazi ya dakika kumi na haigharimu hata mkate mmoja. Usiandike jina la mtoto kwa nje ambapo kila mtu analisoma, kwa sababu mtoto humwamini upesi mtu anayemwita kwa jina.

Kisha mfundishe mtoto majina yenu ya kwenye karatasi. Asijue "Mama Fulani" peke yake. Ajue jina lako lililo kwenye pasipoti, jina lake lote, na maneno haya mawili: Kampemba, Lubumbashi. Kiswahili chetu hakieleweki kwa kila mtu Chililabombwe au Kitwe, na Kifaransa ndiyo kabisa. Kule watu wanasema Kibemba na Kiingereza. Mfundishe sentensi moja ya Kibemba, "Ndefwaya bamayo", yaani namtaka mama yangu. Mfanyie mazoezi jioni mkila, kama mchezo, mpaka aseme bila kufikiri.

Mfundishe pia kusimama. Mtoto aliyepotea hutembea, anatafuta, na kila hatua inamtoa pale ambapo wewe utarudi kumwangalia kwanza. Mwambie: ukitazama hutuoni, baki hapo hapo, ita kwa sauti kubwa. Kama kuna magari, sogea kwa mama mwenye watoto, au kwa mtu anayeuza kwenye meza yake, au kwa polisi aliyevaa sare. Usipande gari la mtu, hata akikwambia anakupeleka kwa mama.

Asubuhi ya safari mpige picha amesimama wima, kuanzia kichwani mpaka viatuni, na nguo alizovaa siku hiyo. Mzazi mwenye hofu husahau rangi ya shati. Simu inakumbuka.

Sasa karatasi, na hapa nitakaa kidogo. Huku kwetu mtoto anaweza kupewa jina la babu, tofauti kabisa na la baba yake, na ndugu watatu wa tumbo moja wakawa na majina matatu. Sisi tunaona kawaida. Ofisa wa nchi nyingine anatazama pasipoti yako na ya mtoto, haoni jina linalofanana, na anayo haki ya kuuliza. Kinachojibu ni cheti cha kuzaliwa, akti ya kuzaliwa kama tunavyosema, maana ndani yake mmeandikwa mama, baba na mtoto pamoja. Mtoto anaandikishwa kwenye ofisi ya etasivili ya komini ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na ndani ya muda huo kuandikisha ni bure. Siku 90 zikipita, unapitia mahakamani kupata hukumu inayochukua nafasi ya ule uandikishaji, wanaiita jujema supletifu. Pale kuna gharama. Uliza bei kwa karani kabla ya kuanza, dai risiti, na anza mapema, wiki nyingi kabla ya safari.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, mjomba au bibi, beba idhini ya wazazi, karatasi wanayoiita otorizasio parantali. Iseme nani anampeleka, wapi, siku ngapi, iwe na sahihi na muhuri, na nakala za vitambulisho vya wazazi zikae nyuma yake. Ambatisha na tafsiri yake ya Kiingereza. Nakala moja ya kila kitu ibaki Kampemba kwa mtu unayemwamini, na picha zake ziwe kwenye simu mbili tofauti.

Kama unaona ninakaza sana, sikia habari hii. Agosti 2002 mtoto wa Kikongo wa miaka 5 alifika uwanja wa ndege wa Brussels na mjomba wake, bila hati za kuingilia. Mama yake alikuwa Kanada, mkimbizi anayemngoja. Ubelgiji ilimfungia mtoto yule peke yake katika kituo cha watu wazima karibu miezi 2, kisha Oktoba ikamrudisha Kinshasa kwa ndege, na hakuna ndugu aliyekuwa akimngoja. Baadaye alifika kwa mama yake. Tarehe 12 Oktoba 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Ubelgiji kwa kumtendea hivyo. Haki ilipatikana, lakini baada ya miaka 4, na miezi ile 2 hakuna hukumu inayoweza kumrudishia.

Haya, mtoto haonekani. Ufanye nini dakika ile?

Mtu mmoja abaki pale mlipomwona mara ya mwisho, asiondoke hata kama anatamani kukimbia. Mwingine atafute. Mwambie dereva asiondoe basi, na mtazame ndani, chini ya viti na kati ya mizigo. Ita jina lake kwa sauti, ukitaja nguo: "Mtoto wa kiume, miaka 6, shati jekundu!" Ukiona haya kupiga kelele unampotezea mtoto dakika. Nenda kwa walinzi wa geti na polisi wa upande uliopo, onyesha ile picha, omba wawaarifu wenzao wa upande wa pili. Usikubali kuambiwa ungoje mpaka kesho. Mtoto hatafutwi baada ya saa 24, anatafutwa sasa, na kutoa taarifa ya mtoto aliyepotea hakulipiwi.

Ukiwa Zambia, polisi ni 999, na simu ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo. Namba hiyo hiyo 116 inatumika Tanzania, Kenya na Uganda. Kituoni Zambia ulizia dawati linaloitwa Victim Support Unit, linashughulika pia na watoto. Kabla ya kuondoka, omba namba ya taarifa yako na jina la askari aliyeiandika.

Je, ukijua mtoto yuko ng'ambo na wewe umezuiliwa huku? Usipite njia za porini. Nakuelewa, lakini ukikamatwa umeingia bila muhuri, mtoto atakuwa kituo kimoja na wewe kingine. Ongea na maofisa wa pande zote mbili, mpigie mwenyeji wako wa Zambia aende mpakani. Na mpaka wenyewe unaweza kufungwa: Agosti 2024 Zambia iliufunga kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara. Ndiyo maana familia isivuke nusu nusu. Vukeni pamoja, au mbaki pamoja.

Usiku ukiingia kabla hamjakutana, mtoto hukabidhiwa watu wa ustawi wa jamii, Social Welfare kwa jina la kule, wamweke mahali salama. Ukifika watakuuliza maswali mengi. Usikasirike, wanahakikisha hawampi mgeni. Toa cheti, picha, pasipoti, na utaje alama ya mwilini ambayo mzazi tu anaijua. Ubalozi wetu uko Lusaka, na wa Dar es Salaam upo pia. Watu waliobaki nyumbani waende ubalozi mdogo wa Zambia hapa Lubumbashi.

Siku zikipita bila habari, nenda Msalaba Mwekundu. Wana kazi maalumu ya kutafuta ndugu waliopotezana, wanashirikiana nchi kwa nchi, na hawadai hata falanga moja. Andika taarifa pia polisi hapa Lubumbashi, na kwenye ofisi ya mambo ya jamii ya jimbo.

Kwenye WhatsApp tuma picha, nguo, mahali na saa, pamoja na namba ya simu. Pasipoti na anwani ya nyumbani usiziweke. Mtu akipiga akisema yuko na mtoto, usitume makuta, kwanza omba usikie sauti ya mtoto, au umwulize jambo ambalo mtoto tu analijua, kama jina la mbwa wa jirani. Halafu mwambie polisi.

Kwenye viwanja vya ndege, kama Addis Ababa au Nairobi, mambo ni mepesi zaidi: mfanyakazi yeyote mwenye kitambulisho shingoni anaweza kuita wenzake, na matangazo yanaweza kutolewa kwa spika. Na mkipanga saa ya kukutana Tunduma, kumbuka saa ya Tanzania iko mbele ya yetu na ya Zambia kwa saa moja.

Akipatikana, usimpige. Mpe maji, mwache aseme mwenyewe alipokuwa na nani alikuwa naye. Kama alilala nje, au anakataa kusema, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kisha piga simu kwa kila uliyemwarifu, polisi, ubalozi, mwenyeji, mlinzi wa geti, waache kutafuta, na uombe wote waliosambaza ile picha waifute.