MADA YA 6: UANDISHI WA INSHA
Somo la 4: Msomaji asiyekuona

Mtahiniwa, uandishi hauishii Kidato cha Nne. Mwaka wa kwanza chuoni utakutana tena na insha katika somo la stadi za mawasiliano, na huenda ukalisoma mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa. Vyuo vingi hutumia mfumo wa Moodle: mhadhiri huweka masomo humo, mwanafunzi hupakia kazi yake.

Katika masomo ya namna hii, insha huweza kupita hatua nne:
(i) Kuandika rasimu ya kwanza.
(ii) Kupokea maoni ya mhadhiri au wanafunzi wenzake.
(iii) Kuandika upya hoja zisizoeleweka.
(iv) Kusahihisha tahajia na alama za uandishi.

Ugumu uko katika hatua ya pili. Msomaji yuko mbali, naye huona maandishi tu. Mwandishi hayupo kando yake kusema, "Nilimaanisha hivi." Tazama mfano:

Rasimu: Wanafunzi wengi hufeli kwa sababu ya mambo mbalimbali.
Maoni: Wanafunzi gani? Mambo gani?
Marekebisho: Wanafunzi wa kutwa wanaotembea mwendo mrefu hufika shuleni wamechoka, hivyo hukosa usikivu katika vipindi vya asubuhi.

Sentensi ya mwisho inajitosheleza: imetaja wahusika, sababu na matokeo.

Zingatia: Kubadili maneno mawili matatu si kuandika upya. Anayeandika upya hurudi kwenye hoja yenyewe.

Wewe unahusikaje? Msahihishaji wa mtihani wa taifa naye hakuoni. Ana namba yako ya mtihani na karatasi yako. Ulichokijua usikiandike, hawezi kukupa alama. Tofauti ni kwamba mwanachuo hupewa maoni kabla ya alama. Wewe chumbani mwa mtihani huna wa kukuuliza. Jizoeze sasa kujiuliza mwenyewe: Nani? Kwa nini? Kwa mfano upi?

Zoezi
1. Andika aya moja kuhusu umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji.
2. Mpe mwenzako aisome. Usimfafanulie chochote kwa mdomo.
3. Kila atakapouliza swali, weka alama, kisha andika upya sehemu hiyo.
4. Linganisha aya zote mbili. Ni hoja ipi imeimarika, na kwa nini?