Zuhura Anaomba Mkopo wa Masomo

Jioni moja mama mmoja wa darasa letu la kisomo alifika mapema kuliko wenzake. Hakuleta daftari. Alikuwa na bahasha ya kaki ndani ya kanga. Alikaa benchi la mbele, akasema:

"Mwalimu, binti yangu Zuhura amefaulu kidato cha sita. Anataka kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma kusomea ualimu. Anasema tuombe mkopo wa serikali. Baba yake mdogo anakataa. Anasema serikali itakuja kuchukua shamba."

Shamba lenyewe ni ekari mbili na nusu za mahindi. Marehemu mumewe ndiye aliyelifyeka. Hakuna lingine.

Siku ile tulikuwa na somo la mbolea. Tuliliacha. Tuliongea habari ya mkopo mpaka taa ikaanza kufifia.

Mzee mmoja aliuliza: "Mkopo wa nini? Zamani serikali ilisomesha bure." Mzee alisema kweli. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Kilianza na wanafunzi wachache tu, wote wa sheria. Miaka ile wanafunzi walikuwa wachache, na serikali iliwalipia gharama zao. Baadaye vyuo vikawa vingi na wanafunzi wakawa maelfu. Fedha hazikutosha tena. Ndipo ikaja siasa ya kuchangia gharama. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilianza kazi mwaka 2005. Tangu hapo mwanafunzi asiye na uwezo anaweza kuomba fedha kwa Bodi, asome, kisha azirudishe.

Sasa turudi kwenye shamba. Bodi haiombi hati ya shamba wala ya nyumba. Haiweki rehani ng'ombe wala mbuzi. Deni ni la mwanafunzi mwenyewe. Akipata kazi ya mshahara, mwajiri wake hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi na kuipeleka Bodi. Maana yake, katika kila shilingi 100 hukatwa shilingi 15.

Tulipiga hesabu ubaoni. Tuseme Zuhura analipwa mshahara wa shilingi 600,000. Asilimia 15 yake ni shilingi 90,000. Tuseme deni lake lote ni shilingi 9,000,000. Tukigawa kwa 90,000 tunapata miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Mama mmoja nyuma aliguna. Ni kweli, ni muda mrefu. Lakini mshahara ukipanda, makato nayo hupanda, na deni huisha mapema zaidi. Tena zamani deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha. Watu walilipa na deni halikupungua. Nyongeza hiyo ilifutwa mwaka 2021.

Yule baba mdogo hakukosea kuwa na hofu. Fomu inataka mdhamini, na kudhamini si mchezo. Mkopaji akipotea, Bodi humtafuta mdhamini. Kwa hiyo usimdhamini mtoto usiyemjua eti kwa sababu umeombwa na jirani. Soma maneno yote kabla ya kutia saini. Zuhura alidhaminiwa na mama yake mwenyewe.

Fedha za mkopo haziji nyumbani. Zile za ada hupelekwa chuoni. Za chakula na malazi hupewa mwanafunzi kwa mafungu. Wanafunzi huziita "bumu". Fungu hilo lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, kisha likapandishwa kuwa 10,000. Kuna fedha za vitabu pia, na za mafunzo kwa vitendo. Mzazi asikae akisubiri kutumiwa bumu. Nimewaona wazazi wa namna hiyo. Mtoto hula mlo mmoja chuoni ili atume fedha nyumbani, halafu tunashangaa anapofeli.

Kazi kubwa ya mzazi ni vyeti, na hapo ndipo Zuhura alipokwama. Tulifungua ile bahasha tukasoma pamoja. Cheti cha kidato cha nne kiliandikwa "Zuhura". Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa "Zuhra". Ni herufi moja tu. Mama alikuwa amekitunza cheti kile sandukuni karibu miaka 20, wala hakujua. Wakati kinaandikwa alikuwa hajui kusoma.

Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Baba yake Zuhura alifia nyumbani, na cheti chake hakikuwahi kuchukuliwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu muda wa maombi uishe. Mama alikwenda wilayani mara nne. Nauli alikopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Safari moja alirudishwa kwa sababu mhusika hakuwepo ofisini. Vyeti vyote viwili vilipatikana siku tano kabla ya mwisho.

Usingoje mtoto afaulu. Leo jioni fungua sanduku. Soma jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, ulilinganishe na jina analotumia shuleni.

Kaya yao imo katika mpango wa TASAF. Hilo nalo waliliandika kwenye maombi. Yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini hufikiriwa kwanza, lakini lazima pawepo karatasi ya kuthibitisha. Umaskini usioandikwa Bodi haiuoni.

Maombi hufanywa kwa intaneti, katikati ya mwaka. Mama na Zuhura walikwenda steshenari mjini. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, na hairudishwi hata ukikosa mkopo. Kijana wa steshenari alichapa haraka haraka. Mama alikaa karibu naye akisoma kwenye kioo. Akasema, "Mwanangu, ngoja. Hapo umeandika Zuhra." Kijana akasahihisha. Fomu ilichapishwa, ikapelekwa kwa viongozi wa kijiji na kwa hakimu ili waithibitishe. Mama alitia saini yake kwa kalamu.

Majina hutolewa kwa awamu. Awamu ya kwanza Zuhura hakuwemo. Baba mdogo alisema, "Si niliwaambia?" Awamu ya pili alikuwemo. Chakula na malazi alipewa, lakini ada alipewa sehemu tu. Si wote wanaopata kila kitu, na wengine hukosa kabisa. Anayeona hakutendewa sawa anaweza kukata rufaa Bodi ikitangaza muda wake.

Ada iliyobaki ilitoka kwa mbuzi watatu. Mmoja aliletwa na baba mdogo.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini baba mdogo aliogopa? Je, wewe ungemdhamini mtoto wa ndugu yako?

2. Mwalimu analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Bodi itapata shilingi ngapi kila mwezi?

3. Leteni darasani kesho vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu. Majina yameandikwaje?