Kununua na Kutunza Masale Jijini

Masale ni mmea wa milimani unaobaki kijani mwaka mzima. Katika vihamba vya Kilimanjaro, Wachaga huupanda mipakani na huutumia kuombea msamaha. Jua kali la Dar es Salaam, hata hivyo, huunguza majani yake.

Kabla ya kulipia mche Kariakoo, tunakushauri utikise shina lake taratibu. Likichomoka kwa urahisi, unauziwa kipande kisicho na mizizi. Kipande huweza kuchipua, lakini hakistahili bei ya mche kamili. Dai risiti inayotaja ulichonunua. Ndiyo uthibitisho wako utakapolalamika.

Nyumbani, tumia chungu chenye matundu, kiweke kwenye roshani yenye kivuli, na umwagilie udongo wa juu ukikauka tu. Maji yaliyotuama huozesha mizizi.