Eda haikumfunga mjane peke yake

*Shangazi, mume wangu amefariki, na arubaini imepita juzi. Nina watoto wawili na duka la vitambaa hapa Mombasa. Mavyaa amenikataza kujitazama kwenye kioo, kuoga kwa sabuni na kufungua duka, eti nimo edani. Papo hapo wanataka nihamie kwao Kwale ili nyumba yetu ipangishwe, na shemeji kaniambia waziwazi kwamba atanioa. Wameniletea na karatasi za kiwanja nitie sahihi. Wenzangu wasema niivunje tu hiyo eda, ni ushamba. — Mjane*

Mwanangu, pole kwa msiba. Wenzako wanakuonea uchungu, lakini wanakupotosha. Eda ni ua wa makuti: aliye ndani huona tu kwamba umemzuia kutoka, akasahau mbuzi wa jirani waliozuiwa kuingia. Wakwe zako wamekuonyesha upande wako. Sasa wao nao waonyeshwe wa kwao.

Anza na shemeji. Suratul Baqara, aya ya 234, imekuwekea miezi minne na siku kumi (ukiwa mjamzito, hadi ujifungue). Aya inayofuata inawafunga wanaume: mjane aliye edani haposwi waziwazi. Aliyevunja eda hapo ni yeye. Hata baada ya eda hakuna wa kukurithi kama kabati. Suratun Nisaa, aya ya 19, imelikataza hilo. Akiposa siku hiyo, utajibu utakavyo.

Nyumba, vivyo hivyo. Furay'a bint Malik alipofiwa na mumewe, Mtume alimwamuru abaki nyumbani mwake mpaka eda iishe. Basi ni ajabu ya mavyaa: kioo kimemshughulisha, na nyumba ambayo eda yenyewe inakuweka ndani yake ndiyo anayotaka kukutoa! Usihame.

Yaliyo yako kweli ni haya: usijipambe, usijitie manukato, wanja wala hina, usiku ulale kwako. Kioo ni mila tu. Oga, kwa sabuni isiyo na manukato. Na duka? *Minhaj* ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa sana kwetu Mashafii, inamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja kama chakula na uzi. Kama duka ndilo linalowalisha watoto, fungua, na magharibi uwe nyumbani. Ukiona mavyaa hakusikii, mwombe shehe anayemheshimu azungumze naye. Huenda mama huyu anaomboleza mwanawe kwa njia pekee aliyofunzwa, kwa hiyo usimjibu kwa ukali.

Karatasi usitie sahihi, hata ukiambiwa ni utaratibu tu. Kwa kuwa marehemu ameacha watoto, fungu lako ni thumuni, na watoto wana lao ambalo ami hana ruhusa ya kulichezea. Mkishindwa kuelewana, iko Mahakama ya Kadhi. Katiba ya 2010, Ibara ya 170, imeipa kesi za mirathi za Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Huko kwenda ni haja, na eda haikuzuii.

Tena, kama marehemu hakukumalizia mahari, hilo ni deni: hulipwa kabla mali haijagawanywa, mbali na thumuni yako. Watafute leo mashahidi wa ndoa yenu, waandike kiasi kilichobaki.